Hilux ya mzigo Simanjiro: matairi ya AT ya kawaida, ya LT, au ya matope?

Mwenye Hilux, Arusha

Wakuu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa sababu matairi ya gari langu yamefika mwisho, na muuzaji amenionyesha ya aina tatu zinazopishana sana kwa bei na kwa sura.

Gari ni Toyota Hilux Revo ya kebini mbili, dizeli ya lita 2.4, na saizi iliyokuja nayo ni 265/65R17. Kazi yake ni kusambaza chumvi ya mifugo na dawa za kuogeshea kutoka Arusha hadi Terrat, Naberera na Orkesumet, na mara mojamoja nashuka hadi Kibaya na kutokea Kongwa, ambako naikuta lami ya Dodoma. Nikienda nabeba kati ya kilo 600 na 800, na nikirudi bodi huwa tupu au ina mbuzi wachache. Lami ni sehemu ndogo ya njia hiyo. Kwingine kote ni changarawe yenye rasta (yale mawimbi madogo ya kutikisa gari), kisha njia za ng'ombe zenye visiki na miiba ya migunga, na masika yakishaingia kuna vipande vya udongo mweusi ambao kila dereva wa Simanjiro anaufahamu.

Matairi yanayotoka ni ya barabara kuu, yale yenye mifereji mirefu iliyonyooka. Hayakuishia kwenye kulika peke yake, kwani pancha nyingi zilitokea ubavuni, mahali ambapo fundi hawezi kuziba, na kwa sababu hiyo nimetupa matairi ambayo kashata zake (vile vipande vya mpira vya usoni vinavyogusa barabara) zilikuwa bado na uhai.

Chaguo la kwanza ni tairi la AT (All-Terrain, yaani la njia zote) la kawaida, saizi ileile, lililoandikwa 112S. La pili lina saizi hiyohiyo lakini linaanza na herufi LT (Light Truck, yaani la gari dogo la mzigo), limeandikwa 120/117S na plai 10, na bei yake inauma. La tatu ni tairi la matope la 265/70R17 lenye kashata kubwa, ambalo vijana wa gereji wananisihi nilichukue kwa kuwa litainua gari na kulipendezesha. Je, LT inastahili nyongeza hiyo ya bei? Je, la matope litanifaa masika? Na je, kuna ubaya nikinunua matairi mawili sasa na mawili baada ya mavuno?

Fundi wa Sakina

Ndugu, umelijibu swali lako nusu uliposema kwamba pancha zinatokea ubavuni. Mteja akiingia dukani hutazama kashata, kwa sababu ndizo zinazoonekana, lakini kwa kazi kama yako tairi hufa ubavuni kabla kashata hazijaisha. Kwa hiyo anza kulisoma tairi kwa pembeni.

Namba 112 ni namba ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi moja limeidhinishwa kubeba kilo 1,120. Herufi S inayoifuata ni kikomo cha mwendo, yaani kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo Hilux iliyobeba chumvi haina haja nalo. Namba 120 ni kilo 1,400, na ile 117 iliyo baada ya mkwaju ni ya magari yenye matairi pacha nyuma, kwa hiyo haikuhusu. Sasa piga hesabu. Hilux iliyojaa hufikia karibu tani tatu kwa jumla, na tukisema tani moja na nusu inaangukia nyuma, kila tairi la nyuma linabeba kilo 750. Wapo watengenezaji wanaotaka tairi la mtindo wa gari dogo, likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, na hata hapo kilo 1,120 zinabaki 1,018. Kwa maandishi basi, tairi la kawaida linatosha na ziada inabaki. Anayekuambia kwamba litapasuka kwa sababu ya kilo 800 zako anatafuta kukuuzia la ghali.

Unachokilipia kwenye LT ni unene. Hiyo “plai 10” siku hizi ni daraja la uimara na si idadi halisi ya matabaka, lakini mwili wa tairi ni mzito kweli, mpira wa ubavuni ni mnene zaidi, na baadhi yana matabaka matatu ya nyuzi ubavuni. Kisiki kinachotoboa tairi la kawaida kinaweza kuliacha la LT na mkwaruzo tu. Sisemi halitoboki, nasema kwamba linavumilia zaidi. Gharama yake ni kwamba gurudumu linaongezeka kilo kadhaa, dizeli inaongezeka kidogo, na gari likiwa tupu linakuwa gumu.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa LT hawaambiwi. Zile kilo 1,400 zinapatikana pale tu tairi hilo likiwa na upepo wa paundi 80. Ukilijaza upepo uleule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ambao ulipangiwa tairi la kawaida, tairi lako la bei kubwa litakuwa na uwezo mdogo kuliko lile la bei nafuu, ubavu utajikunja kupita kiasi, joto litapanda, na mwisho uso wa tairi utaanza kubanduka. Huhitaji paundi 80 kwenye Hilux, lakini nyuma ukiwa na mzigo usishuke chini ya 40.

Kuhusu majina sitagombana na mtu, ila elewa kwamba jina moja linaweza kutengenezwa kwa aina zote mbili. Geolandar A/T G015 ya Yokohama, kwa mfano, hupatikana kwa namba za kawaida na kwa namba za LT, na muuzaji asiye makini atakupa moja kwa bei ya nyingine. BFGoodrich KO2 ya saizi yako ni LT ya 120/117S, lakini mrithi wake KO3 alianza kuingia sokoni mwaka 2024, kwa hiyo ukiikuta KO2 inauzwa kwa punguzo kubwa, itazame tarehe yake vizuri. Usibabaike na alama ya mlima wenye theluji iliyopigwa ubavuni, kwani hiyo ni sifa ya baridi ya Ulaya na Marekani. Herufi nyeupe nazo, ukifika Terrat mara ya kwanza, zitakuwa na rangi ya vumbi kama kila kitu kingine.

Tarehe husomwa kwenye namba inayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho, ambapo 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Namba kamili hupigwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo usipoiona geuza upande wa pili, na akikataa kuligeuza ondoka. Tangu kiwanda cha General Tyre hapa Arusha kisimame, matairi tunayofunga hukaa melini, bandarini na ghalani kabla ya kufika dukani, na mengine huishia kuanikwa juani mbele ya duka hadi mpira unakauka. Mimi silifungi kama jipya tairi lililopita miaka mitatu. Halafu ingiza kidole ndani ya mifereji. Kuna vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo, ambavyo hukutana na uso wa tairi kina kinapobaki milimita 1.6. Ukikuta vinundu hivyo vimekatwa, au mfereji umeshuka chini yake kwa zaidi ya hizo milimita 1.6, tairi hilo limechongwa na wajanja kisha likapakwa rangi nyeusi.

Dereva wa Mbugani

Namheshimu fundi na sipingi hesabu zake, lakini kwa upande wa safari naona amelitazama gari likiwa linakwenda tu. Mwenye mada amesema anarudi bodi ikiwa tupu, na hiyo ni nusu ya maisha ya matairi hayo. LT yenye upepo wa paundi 42 kwenye Hilux tupu juu ya rasta hairuhusu gari kutulia. Nyuma inarukaruka, gari linateleza pembeni kwenye kona ya changarawe, na shokapu zinakufa kabla ya wakati wake. Wapo madereva waliopinduka gari likiwa tupu, kwenye barabara iliyonyooka, bila kugongana na mtu.

Kwa hiyo ukichagua LT, nunua pamoja nayo kipimo cha upepo na pampu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye betri, na usiyachukulie kama vikorombwezo. Utashusha mzigo Orkesumet, utapunguza upepo wa nyuma hadi karibu paundi 32, na ukirudi kwenye lami utaujaza tena. Kama unajijua kwamba hutaifanya kazi hiyo kila safari, chukua tairi la kawaida la 112 lenye jina la kuaminika, na fedha inayobaki uiweke kwa ajili ya tairi la akiba lililo jipya kweli.

Njia ambayo madereva wa barabara za vumbi wameizoea ya kujua kama upepo unafaa ni kupima tairi likiwa baridi asubuhi, kutembea kama saa moja, kisha kupima tena. Tairi la kawaida likipanda kwa takriban paundi 4, na la LT kwa takriban 6, upepo uliouanza nao uliufaa mzigo na njia. Likipanda zaidi ya hapo, lilianza na upepo mdogo na linachemka. Likipanda kidogo mno, upepo ulikuwa mwingi. Usiutoe upepo ulioongezeka kwa joto, maana tairi likipoa litabaki chini ya kiwango na kesho yake utaanza safari na hatari.

Mwendo nao uhesabiwe. Changarawe hainyofoi kashata za gari linalokwenda 50 kwa saa kama inavyonyofoa za gari linalokwenda 90.

Msafiri wa Marsabit

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Huku kwetu ukitoka Marsabit kuelekea North Horr au Loiyangalani unakutana na mawe meusi ya volkano yenye makali, na kwa njia hizo LT si anasa hata kidogo. Zamani tulifunga Yana zilizotengenezwa Nairobi, na tangu kiwanda hicho kilipoacha kutengeneza matairi mwaka 2016 nasi tunategemea yanayotoka nje kama nyinyi, kwa hiyo ushauri wa kukagua tarehe nauunga mkono kabisa.

Ninataka kuongeza neno kuhusu kupunguza upepo, kwa sababu dereva aliyetangulia amesema kweli ila hajamaliza. Upepo ukipungua, uso wa tairi unajipinda juu ya jiwe badala ya kutobolewa nalo, na kwenye mchanga gari linaelea. Lakini wakati huohuo ubavu unavimba kutoka nje ya kashata, na sasa ndio unaokutana na kisiki. Kwa mtu ambaye shida yake ni mbavu kuchanwa kwenye njia za ng'ombe, kushuka hadi paundi 22 kwa ajili ya starehe ni kuutafuta ugonjwa uleule. Punguza kwenye murramu iliyo wazi, na ukiingia kichakani rudisha.

Miiba ya migunga ni habari tofauti. Mwiba mrefu huingia usoni mwa tairi taratibu, na pengine hukaa humo siku nyingi ukivujisha kidogokidogo. LT itakusaidia kwa unene wake, lakini dawa ni kuyatazama matairi jioni gari likisimama, huku mkono ukipita juu ya kashata. Yatazame pia mawe yaliyonasa katikati ya kashata. Matairi mazuri ya AT yana vinundu kwenye sakafu ya mfereji vya kuyafukuza mawe, kwa sababu jiwe lililonasa huchimba kila gurudumu linapozunguka hadi lifike kwenye waya.

Kuhusu tairi la matope, nimelitumia na sasa situmii tena. Kashata zake kubwa hujisafisha vizuri zaidi kwenye tope, hilo ni kweli. Ila udongo mweusi ukishalowa sawasawa unalijaza tairi lolote na kuligeuza kuwa mviringo laini, na hapo anayepita ni yule aliyengoja jua litoke. Kwa siku chache za mwaka za namna hiyo utakuwa umebeba kelele, breki dhaifu kwenye lami yenye mvua na kashata zinazoisha haraka kwa mwaka mzima.

Mwenye Hilux, Arusha

Nawashukuru sana wakuu. La matope nimeliacha, lakini muuzaji ananiambia kwamba hata AT ya LT anayo ya 265/70R17, na kwamba bei ni karibu sawa na ya 65. Anasema itaingia bila kubadilisha kitu na itaniongezea nafasi ya chini. Pia swali la kununua mawili mawili halijaguswa.

Mwalimu wa Mitambo, Moshi

Ndugu yangu, tulifanyie hesabu, kwa sababu neno “itaingia” lina maana nyingi kinywani mwa muuzaji. Katika 265/65R17, upana ni milimita 265 na urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 172. Mbavu mbili pamoja na rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 432, zinakupa kimo cha milimita 776. Ukiweka 70 mahali pa 65, kimo kinafika karibu milimita 803. Tofauti ni milimita 27, na kwa kuwa ekseli ipo katikati ya gurudumu, gari linainuka nusu yake tu, kama milimita 13. Hiyo ndiyo nafasi ya chini unayouziwa, na kisiki cha Naberera hakiwezi kuiona.

Upande wa hasara, spidomita ikisoma 100 utakuwa unakwenda 103, gia zote zitakuwa ndefu zaidi kwa zaidi ya asilimia 3 na utalihisi jambo hilo ukipanda na mzigo, na kwenye Revo tairi la mbele mara nyingi hugusa plastiki ya ndani ya madigadi ukikata kona hadi mwisho. Kisha pima mahali tairi la akiba linapokaa chini ya bodi. Likikataa kupanda humo, litasafiri juu ya chumvi yako. Mimi ningebaki na saizi ya kiwandani, ambayo pia ni rahisi kuipata Dodoma au Arusha mambo yakiharibika njiani.

Sasa hilo la mawili mawili. Hilux yako huendeshwa na magurudumu ya nyuma hadi utakapoweka foo wili, na ukishaiweka, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Tairi jipya la AT lina kina cha takriban milimita 10 au 11. Likikaa pamoja na lililobakiza 4, vimo vinatofautiana kwa milimita 12 hadi 14, karibu asilimia 1.7. Kwenye tope au mchanga magurudumu huteleza na tofauti hiyo inapotea. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, na nguvu yote inaishia kwenye transfa na difu. Foo wili ya Hilux haifai kutumika kwenye lami kavu hata matairi yakiwa mapya yote manne, seuze yakiwa hayalingani.

Kwa hiyo kununua mawili hakutaliua gari ikiwa utakuwa mwangalifu na foo wili, na ukifanya hivyo mapya yafungwe nyuma. Watu hupenda kuyaweka mbele kwa kuwa ndiko usukani uliko, lakini mbele ikiteleza kwenye mvua dereva anaihisi na kupunguza mwendo, ilhali nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hajajua la kufanya. Hata hivyo kwako wewe kuna tatizo jingine. Ukifunga LT mbili nyuma na kuacha za barabara kuu mbele, utakuwa na matairi magumu na laini katika gari moja, na mbavu za mbele, ambazo ndizo zinazokutana na kisiki kwanza, zitabaki dhaifu kama zilivyokuwa. Kama fedha haitoshi kwa LT nne, mimi ningenunua nne za kawaida zenye jina zuri kuliko kuchanganya.

Na kama inatosha, nunua tano. Tairi la akiba la saizi na aina moja na mengine liingie kwenye zamu ya kuhamisha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ili yote matano yaishe pamoja. Tairi la akiba linalokaa chini ya bodi miaka mingi bila kuguswa huzeeka likiwa na kashata kamili, na hupasuka siku unapolihitaji.

Fundi wa Sakina

Mwalimu amenena. Nakubali pia aliyosema dereva kuhusu gari tupu, ndiyo maana sikusema LT ni lazima. Kwa mbavu zinazochanwa kama zake bado ningeifunga, akiwa na pampu yake mkononi.

Kabla ya kufunga, mwambie fundi wako atazame bolijointi na bushi za mbele, halafu alaimenti (kunyoosha magurudumu) ifanyike matairi yakiwa yamefungwa. Gari lililotoka kwenye rasta likifungwa matairi mapya bila alaimenti hula kashata za pembeni, na mwenye gari hurudi kulilaumu tairi.

Mwenye Hilux, Arusha

Nimeamua. Nitachukua LT265/65R17 za AT, tano, na kwa kuwa fedha ya la tano haipo mwezi huu nitasubiri badala ya kununua mawili. Muuzaji nimemtaka anionyeshe namba ya DOT ya kila moja kabla hajaliingiza kwenye rimu. Swali la mwisho kwa fundi: nikishafungiwa, nianze na upepo kiasi gani, na kuna chochote cha kurudia kukaza?

Fundi wa Sakina

Anza na 36 mbele na 42 nyuma ukiwa na mzigo wa kawaida, upime baridi, kisha ufuate ile njia ya saa moja na urekebishe mwenyewe kwa kila mzigo. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa msalaba, na zirudiwe ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100. Ukitoka hapa asubuhi, fanya hivyo kabla hujaacha lami.